Pesa ni ya nani? Wasomaji wauliza, Mwalimu ajibu

Katika toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kuhusu neno "pesa", kwamba tumelipata kwa Wahindi, kisha nikaendelea na habari nyingine. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Wako waliokubali, wako waliokataa katakata, na wako walioleta mapya ambayo ni lazima tuyatazame. Kwa hiyo leo safu nzima ni ya neno hilo moja, herufi nne, lenye ndugu zake kutoka Nepal mpaka Visiwa vya Komoro. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Shikamoo Mwalimu. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba pesa ni Kireno, yaani "peso", kama vile meza na leso. Wareno walikaa Mombasa miaka mia na zaidi. Kwa nini haki yao unawapa Wahindi?
*Msomaji, Nakuru*

Marahaba mwanangu. Aliyekufundisha hakusema ovyo. Peso kwa Kihispania ni uzito, na zamani fedha nyingi zilipimwa kwanza ndipo zikahesabiwa. Pauni ya Mwingereza na lira ya Mwitaliano zote zilianza zikiwa majina ya ratili. Ukiongeza kwamba Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuishikilia mpaka 1698, unaona kwa nini watu wengi wanaliamini jambo hilo.

Lakini peso ilikuwa sarafu ya Wahispania. Mreno alihesabu kwa "real", na wingi wake "réis". Tuseme basi baharia wa Kireno alizitaja peso kwa kuwa zilizunguka bahari zote. Hata hivyo sikio linakataa. Tamka "meza". Kwa Kireno huandikwa "mesa", kwa s, ila Mreno akiisoma hutoa z, maana kwake s iliyokaa kati ya irabu mbili husomeka hivyo. Wazee wetu hawakuwa wakisoma vitabu vya Kireno, walikuwa wakisikiliza watu. Walisikia z, wakasema meza. Sasa iweke "peso" hapo hapo: s ile ile, kati ya irabu mbili, na Mreno huitamka "pezu". Kama tungeipokea kutoka kinywani mwake, leo tungekuwa tunadaiana "pezo" au "pezu".

Leso uliyoitaja inanisaidia zaidi. Kwa Kireno ni "lenço", na hiyo ç ni s kweli kweli. Tukasema leso, kwa s. Sikio lililopokea meza kwa z na leso kwa s halikuwa sikio la kukosea kwenye peso.

Sasa lichukue neno la Kihindi, "paisa". Lina p, lina s, lina a mwishoni. Kilichobaki ni hiyo "ai", na Kiswahili kina desturi yake ya zamani juu ya sauti hiyo: huigeuza e. Kiarabu kinasema "shaitan", sisi tunasema shetani. "Khair" kwetu ni heri. "Bait" ya ushairi kwetu ni ubeti. Kwa desturi hiyo hiyo "paisa" inakuwa pesa bila kusukumwa.

Ninayo sarafu mezani ninapoandika, pesa ya shaba ya Unguja. Ina jina la Sultani Sayyid Barghash bin Said kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Upande wa pili kuna mizani, vitanga vyake viwili vimelingana. Anayejua Kihispania akiiona atapiga kelele: si huo uzito wenyewe, peso! Kumbe mizani hiyo nayo ilitoka India. Sarafu za shaba zilizopigwa Bombay mwanzoni mwa karne ya 19, zama za Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, zilikuwa na mizani hiyo hiyo, na kati ya vitanga limeandikwa neno la Kiarabu "adl", uadilifu. Vipande hivyo vya shaba vya Bombay ndivyo vilivyojaa sokoni Unguja kabla Barghash hajapiga vyake. Aliyetengeneza pesa ya Sultani aliiga kitu ambacho wanunuzi walikwisha kukizoea mkononi.

Assalaam alaykum Mwalimu. Wazee wangu ni wa Unguja, mimi nimezaliwa Maskati. Hapa riali moja ni baisa 1,000. Kwa nini tusiseme pesa ilikwenda Unguja pamoja na Waomani, kwenye majahazi ya Mabusaidi, ukoo wa masultani wetu?
*Msomaji, Maskati*

Waalaykum salaam warahmatullah. Ukitoa noti ya baisa 100 mfukoni unaposoma haya, umeshika ndugu wa pesa, tena ndugu wa damu. Lakini ndugu si mzazi.

Herufi ya kuiangalia ni ile ya kwanza. Kiarabu hakina p. Kila p inayoingia humo hulainika ikawa b, ndiyo maana mna "baisa" na si "paisa". Wasomali nao hawana p, nao wanasema "beesa". Waitaliano walipopiga sarafu za kutumika Somalia kuanzia mwaka 1909 waliandika juu yake "besa", na wingi wake "bese", kwa kuwa hivyo ndivyo walivyowasikia wenyeji wakisema. Basi jiulize: kama pesa ingetufikia kupitia kinywa cha Mwarabu, hiyo p ingetoka wapi? B ikishaingia haina sababu ya kurudi kuwa p, na Waswahili hawana shida yoyote na b. Tungesema "besa", kama majirani zetu wa Mogadishu.

Kwa hiyo neno lilitoka kwa mtu aliyekuwa na p kinywani mwake. Historia ya forodha ya Unguja inakuonyesha mtu huyo. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, hakukusanya ushuru kwa mikono ya Waomani wenzake. Kwa miaka mingi forodha aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi wenye asili ya Kachi, magharibi mwa India. Makarani wao, wakopeshaji wao, wenye maduka wa Unguja, Bagamoyo na Mombasa, hao ndio waliohesabu shaba mbele ya mteja Mswahili, na waliihesabu kwa lugha yao. Maneno mengine ya kazi hiyo hiyo tunayo mpaka leo: hundi, bima, laki, cheti. Hakuna anayesema "laki" tumeipata Maskati.

Huko kwenu nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Rupia za India zilitumika Maskati na Ghuba yote, na Oman iliachana nazo mwaka 1970 tu, ilipotoa riali yake. Unguja na Maskati zilichota kisima kimoja, kila mmoja kwa kata yake.

Mwalimu, na huyo Mhindi naye alilipata wapi? Paisa maana yake nini?
*Msomaji, Mwanza*

Swali fupi, na jibu lake nalipenda kuliko yote ya leo. Maelezo yanayotolewa zaidi yanaanzia kwenye Kisanskriti: "pada" ni mguu, na "amsha" ni sehemu. Mnyama ana miguu minne, kwa hiyo mguu mmoja ni robo, na neno la mguu likawa pia neno la robo. Padamsha ni sehemu ya robo. Miaka ikapita, vinywa vikalisugua, likabaki paisa.

Robo ya nini? Kwenye hesabu ya rupia, kama ilivyotumika India na baadaye kwetu, rupia moja ilikuwa ana 16, na kila ana ilikuwa paisa 4. Ndiyo maana sarafu ya shaba ya wakati wa Waingereza iliandikwa "robo ana" kwa Kiingereza, huku watu sokoni wakiita paisa. Zidisha mwenyewe: 16 mara 4, paisa 64 kwa rupia moja. Hesabu hiyo ya 64 ilivuka bahari pamoja na neno, na tutakutana nayo tena kwenye barua ya hela.

India iliiacha mwaka 1957, tarehe 1 Aprili, rupia ilipogawanywa kwa 100. Sarafu mpya ikaitwa "naya paisa", yaani paisa mpya, ili watu wasichanganye na ile ya zamani. Mwaka 1964 neno "naya" likaondolewa, ikabaki paisa. Maana ya robo ilikwisha kufa kabisa ndani ya neno, na hakuna aliyeililia.

Huko Bengali wanasema "poisha", Nepal wanasema "paisa" kama Delhi, na visiwa vya Maldivi wanasema "faisaa", kwa kuwa p ya zamani kwao imegeuka f. Wamaldivi wamefanya kama sisi: faisaa kwao si sarafu fulani tena, ni pesa kwa jumla.

Mwalimu, hapa Kampala "eppeesa" ni kifungo cha shati. Pesa tunasema "ssente" au "ensimbi". Je, ni neno moja au ni bahati tu?
*Msomaji, Kampala*

Asante sana kwa barua hii, naomba na wengine mlioko bara mniandikie mambo ya namna hii. Mimi naliona ni neno lile lile. Pesa ya shaba ilikuwa kiduara kidogo, chembamba, cheusi cheusi. Ilipofika mbali na Pwani ilifika mahali penye fedha yake tayari. Ensimbi uliyoitaja ni simbi, kauri, na kwa kauri Waganda walinunua na kuuza muda mrefu kabla ya shaba ya Mhindi. Nafasi ya jina la fedha ilikuwa imeshikwa. Neno geni likabaki na umbo tu: kitu kidogo cha mviringo kifuani. Ukivuka mpaka kwenda Rwanda, kifungo huitwa "igipesu", nalo naliweka kwenye fungu hilo hilo.

Mahali ambapo nafasi haikushikwa hivyo, neno liliingia kama fedha na kuvaa sauti za wenyeji. Wakikuyu husema "mbeca", Wakamba "mbesa". Waluo wameliacha lilivyo, pesa.

Mwalimu, mimi ni wa Goma. Kwenye nyimbo za Kilingala nasikia "pesa ngai mbongo". Rafiki zangu wa Tanzania wanadhani mwimbaji anataja pesa mara mbili. Nimewaambia "pesa" hapo ni "nipe", wanacheka. Tafadhali tusuluhishe.
*Msomaji, Goma*

Umesema kweli, na wacheke wakijua. "Kopesa" kwa Kilingala ni kutoa, kumpa mtu kitu. "Pesa ngai mbongo" ni "nipe pesa", na pesa yenyewe ni hiyo "mbongo". Neno hili ni la Kibantu, jamaa wa kitenzi chetu -pa, kile cha "nipe" na "mpe". Halina uhusiano wowote na shaba ya Bombay. Sauti nne zimekutana tu, na zimekutana mahali pabaya kwa mfasiri, kwa sababu anayeomba fedha na fedha anayoomba wamo kwenye sentensi moja! Ninyi wenyewe mkizungumza Kiswahili cha Kongo husema "feza", kwa hiyo mchanganyiko huu huwapata wageni wenu zaidi kuliko ninyi.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu barua yako inagusa jambo ambalo wengi walioniandikia wanalivuka haraka. Kufanana kwa maneno si ushahidi. Waestonia, kule kaskazini mwa Ulaya, wana neno "pesa", herufi kwa herufi kama letu, na maana yake ni kiota cha ndege. Waalbania wana "besa", sawa na ile iliyokuwa kwenye sarafu za Somalia, na kwao ni ahadi ya heshima, neno la mtu lisilovunjwa. Wapenzi wa kandanda watakuwa wamesikia Wakolombia wa Medellín na sehemu zile wakiitwa "paisa", nalo limekatwa kutoka neno la Kihispania la mtu wa kwenu, mwananchi mwenzako. Ukiyapanga maneno haya mstari mmoja unaweza kutunga hadithi nzuri ya Mhindi aliyekwenda Medellín. Itakuwa hadithi ya uongo.

Kinachotakiwa ni njia: nani alikutana na nani, wapi, lini, wakipeana nini. Kati ya Kachi na Unguja njia iko wazi. Kuna pepo za msimu, kuna majahazi, kuna daftari za forodha, kuna kipande cha shaba chenyewe. Kati ya Bombay na mnyambuliko wa kitenzi cha Kilingala hakuna kitu.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa historia alisema "hela" ni Kijerumani. Kama Wajerumani walikuja na hela, mbona pesa haikufa? Na mbona hawakutumia pesa kama watu wengine?
*Mwanafunzi, Kigoma*

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako amesema sawa, na swali lako la mwisho lina jibu litakalokushangaza: walitumia.

Marehemu baba alikuwa na duka hapa Tanga, Ngamiani, na katika vitu alivyoniachia kuna sarafu nyingine ya shaba, upana wake sentimita mbili na nusu, imesawijika hata lazima uielekeze dirishani ndipo usome. Upande mmoja ni tai wa Ujerumani na maandishi "Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft", Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1890. Geuza. Ndani ya shada la majani kuna Kiarabu kitupu, "sharakat Almaniya", yaani kampuni ya Ujerumani, na mwaka 1307 wa Hijria. Sarafu hii Wajerumani wenyewe waliiita Pesa. Pesa 64 zilikuwa rupia moja, hesabu ile ile niliyomweleza msomaji wa Mwanza.

Itazame tarehe. Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa Pwani kuipinga kampuni hii, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo inatoa sarafu yenye jina ambalo wenyeji walikuwa nalo tayari na hati ambazo wenyeji waliweza kuzisoma. Walikuwa na bunduki za kutosha kuushinda mji, lakini mwenye kuuza dagaa hawezi kupigwa risasi mpaka aikubali sarafu. Kila niishikapo hii shaba nawaza hilo. Walilazimika kuongea naye kwa neno lake.

Sarafu hizo zilipigwa 1890, 1891 na 1892. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaibadili hesabu: rupia igawanywe kwa 100, na kila sehemu iitwe "Heller". Jina hilo lilitoka mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, uliokuwa ukipiga visarafu vidogo tangu karne za kati. Kwa kuwa Waswahili hatumalizi neno kwa konsonanti, Heller ikawa hela. Wacheki nao walilichukua kwa njia yao, na senti ya koruna yao ikaitwa "haléř". Mtu wa Praha na mtu wa Kigoma wamerithi mji mmoja wa Wajerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, meli za Waingereza ziliziba bahari na sarafu zikawa haziji tena kutoka Ulaya. Mwaka 1916 Wajerumani wakapiga hela zao Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba na shaba nyeupe walizookota popote, na wakapiga na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Sarafu hizo za Tabora sasa zinatafutwa sana na wakusanyaji. Septemba mwaka huo huo Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji, na habari ya hela kama sarafu ikaishia hapo. Shilingi ikaja 1922, na senti zake.

Sasa kwa nini pesa haikufa? Kwa sababu haikuwa ya Wajerumani kuiua. Waliipokea, wakaiacha, na nje ya mipaka yao, Unguja na Mombasa, iliendelea kuzunguka. Nayo hela waliyoiacha nyuma ilibaki vinywani mwa Watanganyika mpaka leo, ndiyo maana mtu wa Tabora akikudai atasema "hela yangu" kabla hajasema "pesa yangu".

Nikuongezee jambo, maana umeuliza vizuri. Pesa ilikuwa sehemu ya 64 ya rupia. Hela ilikuwa sehemu ya 100. Majina mawili tunayotumia leo kwa fedha yote duniani, hata ya benki na ya mabilionea, yalikuwa majina ya sarafu ndogo sana za sokoni. Rupia, iliyokuwa kubwa, imebaki kwenye methali: penye udhia penyeza rupia. Na fedha, ambayo kwa Kiarabu ni ile madini nyeupe ya sarafu kubwa, imekwenda serikalini, kwenye Wizara ya Fedha na Waziri wa Fedha. Watu wengi hawakuwahi kushika rupia isipokuwa siku ya kulipa kodi ya kibanda. Walichoshika kila siku, walichonunulia chumvi na kibiriti, kilikuwa pesa na hela. Lugha imewafuata wao.

Mwalimu, kijana mmoja wa Kihindi ninayefanya naye kazi Nairobi aliniambia kwao walikuwa na M-Pesa. Je, wao ndio walioiga kwetu, au jina ni lao tangu mwanzo?
*Msomaji, Nairobi*

Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Huduma ilianza Kenya Machi 2007. M ni ya simu ya mkononi kwa Kiingereza, na Pesa ni yetu. Mwaka 2008 ikafunguliwa Afghanistan, na huko hawakuiita M-Pesa. Waliiita M-Paisa, kwa sababu Waafghani wanasema "paisa" wakimaanisha pesa, na jina la Kenya lilikuwa karibu mno na lao hata wakalirekebisha sauti moja tu. Mwaka 2013 ikaingia India kwa jina la Kenya, M-Pesa, na ikafungwa 2019.

Mwambie mwenzako kwamba kwa miaka hiyo sita mwenye duka wa Gujarat alikuwa akilisoma neno la babu yake kwa tahajia ya Mombasa. Halafu mwulize alikuwa akilitamkaje, na uniandikie. Nataka sana kujua kama alisema "pesa" au alirudisha "ai" yake.

Mwalimu mwenzangu, salamu. Nafundisha sekondari Dodoma. Mwanafunzi wangu aliandika "mapesa yake yote" katika insha, nikamkata alama, kwa kuwa pesa haina wingi. Wenzangu katika chumba cha walimu tumegawanyika. Na je, ni "pesa hii" au "pesa hizi"?
*Mwalimu, Dodoma*

Salamu nimezipokea, mwenzangu. Pesa iko ngeli ya I-ZI. "Pesa hii" na "pesa hizi" zote ni sahihi, na kila moja ina kumbukumbu ndani yake. Tunaposema "pesa hizi" na "pesa zangu" bado tunaongea kama watu walioweka vipande vya shaba kiganjani, moja, mbili, tatu. Tunaposema "pesa hii" tunaongelea kiasi kizima. Siku hizi kwenye simu nasikia watu wakisema "pesa imeingia" na "pesa zimeingia" kwa muamala ule ule, na sioni la kukosoa.

Ama "mapesa", lina umri mkubwa kuliko shule zetu zote mbili. Askofu Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliandika kwamba wingi wa pesa ni "pesa" au "mapesa". Kwa Wangazija, wa Visiwa vya Komoro, mpaka leo fedha ni "mapesa". Kwetu ma- imebaki kwa fedha nyingi zinazoshangaza au kuudhi, kama tunavyosema "majumba" na "mamilioni". Je, yule mtu kwenye insha alikuwa tajiri? Kama alikuwa tajiri, kijana wako alichagua neno kwa makusudi, tena vizuri. Mrudishie alama yake.